Jeraha na Tiba Yake Tangu Zama za Misri hadi Karne ya 16

Fikiri kwamba ni msimu wa palizi. Wewe unakaa Shelui, wilayani Iramba, kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega, pale ambapo mlima wa Sekenke unakwisha na mbuga ya Wembere inaanza. Umeamka alfajiri ukaenda na wazazi wako kupalilia mtama. Mara jembe linagonga jiwe, linateleza, nalo linakukata juu ya kifundo cha mguu. Damu inatoka. Je, utafanya nini?

Bila shaka mama atalikandamiza jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Kisha ataliosha kwa maji safi na sabuni, nanyi mtakwenda zahanati. Huko mwuguzi ataliosha tena, atalishona kama ni refu, atalifunga bendeji, na atauliza kama umepata chanjo ya pepopunda. Baada ya siku kumi hivi nyuzi zitatolewa, nawe utarudi uwanjani kucheza mpira.

Mambo hayo yanaonekana kuwa madogo. Lakini kila moja lilipatikana kwa taabu. Watu wengi sana walikufa kwa majeraha yasiyo makubwa kuliko hilo lako kabla binadamu hawajafahamu namna ya kuyatunza. Katika somo hili utasoma jinsi ujuzi huo ulivyokua polepole, tangu zama za Wamisri wa kale hadi karne ya 16, na jinsi ulivyopotoka mara kwa mara.

Kwa nini jeraha ni hatari

Ngozi ni ukuta wa mwili. Ukuta huo ukipasuka, mambo mawili hutokea. Kwanza, damu hutoka nje, na ikitoka nyingi mno mtu hufa upesi. Pili, viini vya maradhi huingia ndani. Viini hivyo, yaani bakteria, ni vidogo mno hata jicho haliwezi kuviona bila hadubini. Vikiingia katika nyama yenye unyevu na joto huzaliana haraka. Jeraha huvimba, huuma, huwa jekundu, na hutoa usaha.

Bakteria wa pepopunda huishi katika udongo na katika mavi ya wanyama, hasa farasi na ng'ombe. Jembe lako lilikuwa limejaa udongo, na huenda ng'ombe walilala katika shamba hilo baada ya mavuno. Sasa unaelewa sababu ya lile swali la mwuguzi. Mtu mwenye pepopunda hukakamaa taya asiweze kufungua kinywa, kisha misuli ya mwili wote hukaza. Watu wa kale waliufahamu ugonjwa huu na kuuogopa, ila hawakujua unatoka wapi.

Kumbuka jambo hili unapoendelea kusoma: katika muda wote tutakaouzungumzia, hakuna mtu aliyekuwa amepata kuiona bakteria hata moja. Waliotangulia walipigana na adui wasiyemwona.

Wamisri na asali

Mnamo mwaka 1862, katika mji wa Luxor nchini Misri, Mmarekani aitwaye Edwin Smith alinunua gombo la kale lililotengenezwa kwa mafunjo, yale majani marefu yaotayo mtoni. Wataalamu walipolisoma walikuta limeandikwa yapata mwaka 1600 K.K., nalo lilinakiliwa kutoka maandishi ya zamani zaidi. Humo mna habari za wagonjwa 48, karibu wote wenye majeraha, mivunjiko ya mifupa na uvimbe. Mwandishi alianza na kichwa akashuka kuelekea chini. Kwa kila mgonjwa alieleza namna ya kumpima, jina la maumivu yake, na uamuzi wa tabibu: huyu nitamtibu, huyu nitashindana na ugonjwa wake, au huyu hatibiki.

Tazama mpango huo. Tabibu aliangalia kwanza, akafikiri, ndipo akatenda. Miaka zaidi ya 3,600 imepita, na daktari wa leo bado hufuata utaratibu wa namna hiyo.

Je, jeraha lilitibiwaje? Siku ya kwanza liliwekwa kipande cha nyama mbichi. Siku zilizofuata lilipakwa mafuta na asali, na kufunikwa kwa nyuzi za kitani. Ile nyama mbichi hatuisifu. Lakini asali ni habari nyingine, na wewe wa mkoa wa Singida, mkoa unaosifika kwa asali yake tangu misitu ya Itigi hadi mizinga iliyotundikwa mitini kwenu, ni haki yako kujua kwa nini.

Asali ina sukari nyingi na maji machache sana. Kitu cha namna hiyo huvuta maji kutoka kila kinachokigusa, hata kutoka ndani ya bakteria, nazo hunyauka na kufa. Zaidi ya hayo asali ni chachu kidogo, na ndani yake mna kimeng'enya kitokacho kwa nyuki ambacho, asali inapochanganyika na maji ya jeraha, hutengeneza hidrojeni peroksidi, dawa ya kuua viini. Wamisri hawakujua lolote katika haya. Waliona tu kwamba jeraha lililopakwa asali halikuoza upesi. Hata leo hospitali nyingine duniani hutumia asali, lakini ni ile iliyosafishwa maalumu. Asali ya mzingani yaweza kuwa na uchafu na vijidudu vyake, kwa hiyo usijitibu nayo bila ushauri wa mganga wa zahanati.

Jaribio

Vifaa: viazi mviringo viwili, kisu, kijiko kimoja cha asali, sahani.

Mwombe mwalimu akusaidie kukata. Katika kila kiazi chimba shimo dogo lenye ukubwa wa kizibo. Kausha mashimo yote mawili kwa kitambaa. Tia asali katika shimo la kwanza; la pili liache tupu. Viache viazi sahanini kwa muda wa saa nne, kisha tazama. Utaona kwamba asali imekuwa nyepesi na kimiminiko kimeongezeka, ilhali shimo tupu halina maji. Maji yale yametoka wapi? Asali iliyavuta kutoka katika kiazi, kama inavyoyavuta kutoka katika bakteria.

Kile kiazi kisicho na asali si cha kupotezea wakati. Bila hicho usingeweza kujua kama maji yaliletwa na asali au yalitoka tu kwa sababu kiazi kilikatwa. Tutalirudia jambo hili tukifika kwa kinyozi mmoja wa Ufaransa.

Wagiriki na Warumi

Katika kisiwa cha Kos, nchi ya Wagiriki, alizaliwa Hippocrates yapata mwaka 460 K.K. Wakati huo watu wengi waliamini kwamba maradhi huletwa na miungu iliyokasirika. Hippocrates na wanafunzi wake walikataa. Hata kifafa, ambacho watu walikiita ugonjwa mtakatifu, wao walisema kina chanzo chake cha asili kama maradhi mengine. Kuhusu majeraha, walifundisha kwamba yaoshwe kwa divai na kuwekwa makavu. Divai ina alkoholi na uchachu, vitu visivyopendwa na bakteria. Hapo tena walipatia bila kujua sababu.

Walikosea kwingine. Walifundisha kwamba mwili una maji ya namna nne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba mtu huugua maji hayo yakikosa usawa. Kwa hiyo aliyedhaniwa kuwa na damu nyingi alitolewa damu. Fikra hiyo ilienea Ulaya na Uarabuni, nayo ilidumu zaidi ya miaka 2,000. Wagonjwa wangapi waliodhoofishwa kwa kutolewa damu waliyoihitaji, hakuna awezaye kuwahesabu.

Mwaka 129 B.K. katika mji wa Pergamon, ulioko katika Uturuki ya leo, alizaliwa Galen. Akiwa kijana alipewa kazi ya kuwatibu watu waliopiganishwa kwa panga mbele ya watazamaji. Kazi hiyo ilimfunza mengi, kwani kila jeraha lilikuwa kama dirisha la kuchungulia ndani ya mwili. Lakini desturi za wakati wake hazikuruhusu kupasua maiti za watu. Galen alipasua nyani, nguruwe na wanyama wengine, kisha akaandika kana kwamba mwili wa mtu ni sawa na wao. Kwa mfano, alisema taya la chini la mtu ni mifupa miwili. Jipapase kidevuni. Unadhani ni mingapi?

Kosa si la Galen peke yake. Kosa kubwa zaidi ni la wale waliomfuata, ambao kwa miaka zaidi ya 1,300 walisoma vitabu vyake na kuona ni dhambi kuvipinga. Wengi wao walifundisha pia kwamba usaha ni ishara njema, hata wakatia vitu jeranhani kusudi litunge usaha. Wachache walipinga. Mmoja wao alikuwa Theodoric, padre na mpasuaji wa Italia katika karne ya 13, aliyesema kwamba jeraha lioshwe kwa divai, lifungwe, nalo litapona bila usaha. Hawakumsikiliza sana.

Matabibu wa nchi za Kiislamu

Neno lenyewe "jeraha" lilitoka wapi? Lilitoka katika Kiarabu, kama yalivyotoka maneno tiba, tabibu, dawa na maradhi. Neno kidonda, kwa upande mwingine, ni la Kibantu, sawa na mganga na kuganga. Lugha yetu imehifadhi majina ya pande zote mbili. Wafanyabiashara waliovuka bahari kwa majahazi kuja Kilwa, Mombasa na Unguja walileta nguo na vyombo, nao walileta maneno na maarifa pia. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuta mji mkubwa wa Waislamu wenye biashara na nchi za mbali.

Wakati vitabu vya Wagiriki vilipokuwa vimesahauliwa sehemu nyingi za Ulaya, wanachuoni wa Baghdad walivitafsiri kwa Kiarabu, wakaongeza yao. Al-Razi, aliyekufa yapata mwaka 925, aliandika kitabu kilichoeleza tofauti baina ya ndui na surua. Husimuliwa kwamba alipoulizwa mahali pazuri pa kujenga hospitali, alitundika vipande vya nyama sehemu mbalimbali za mji, akachagua pale ambapo nyama ilichelewa kuoza. Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 karibu na mji wa Bukhara, aliandika Kanuni ya Tiba, kitabu kilichosomwa hata katika vyuo vikuu vya Ulaya mpaka karne ya 17. Naye Ibn al-Nafis, mnamo mwaka 1242, alithubutu kuandika kwamba Galen amekosea: damu haipenyi ukuta wa moyo, bali hupita katika mapafu.

Lakini kwa habari ya majeraha, bingwa wao alikuwa al-Zahrawi, aliyeishi karibu na mji wa Cordoba, Hispania, tangu mwaka 936 hadi 1013. Aliandika kitabu chenye sehemu 30, na katika sehemu ya upasuaji alichora vyombo vipatavyo 200: visu, koleo, ndoana na sindano. Alishona majeraha ya ndani kwa nyuzi za utumbo wa mnyama, ambazo huyeyuka zenyewe mwilini. Huko India nako, maandishi ya kale yaitwayo Sushruta Samhita yalieleza ushonaji wa ajabu zaidi: utumbo uliopasuka uliumwa na siungu wakubwa, kisha viwiliwili vyao vikakatwa, taya zao zikabaki zimeshika kama pini.

Kinyozi aliyeishiwa mafuta

Katika karne ya 16 vita vya Ulaya vilikuwa na silaha mpya: bunduki. Risasi huingia ndani sana, huvunja mifupa, na huvuta vipande vya nguo chafu ndani ya nyama. Majeraha hayo yalioza vibaya. Waganga wa siku hizo walidhani kwamba baruti ina sumu, na kwamba sumu hiyo ni lazima iunguzwe. Kwa hiyo walimwaga mafuta yanayochemka ndani ya jeraha. Mgonjwa alikuwa macho. Dawa ya usingizi haikuwapo.

Ambroise Paré alikuwa kijana wa Kifaransa mwenye miaka ishirini na kitu. Hakusoma chuo kikuu wala hakujua Kilatini. Alikuwa kinyozi, kwani wakati huo kazi ya kukata na kushona iliachiwa vinyozi. Madaktari wasomi waliona ni aibu kuchafua mikono yao kwa damu. Mwaka 1537 alikuwa na jeshi la mfalme wake karibu na Turin, Italia. Majeruhi walikuwa wengi, na jioni mafuta yakamwishia.

Askari wengine walibaki bila kutibiwa. Paré alitengeneza mchanganyiko wa kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini, akawapaka. Usiku huo hakupata usingizi. Aliogopa kwamba asubuhi angewakuta wamekufa kwa sumu, naye ndiye mwenye lawama. Aliamka mapema sana akaenda kuwatazama. Wale aliowapaka mchanganyiko walikuwa wamelala vizuri, maumivu yao kidogo, majeraha hayakuvimba. Wale waliomwagiwa mafuta ya moto walikuwa na homa, maumivu makali na uvimbe.

Paré aliamua kwamba hatawaunguza tena watu wenye majeraha ya bunduki. Mwaka 1545 alichapisha kitabu kuhusu jambo hilo, kwa Kifaransa, ili vinyozi wenzake waweze kukisoma.

Sasa kumbuka viazi vyako viwili. Makundi mawili ya askari, majeraha ya namna moja, siku moja, tiba mbalimbali. Paré hakupanga jaribio, upungufu ulimlazimisha. Lakini alikuwa na macho ya kuona na moyo wa kukubali kwamba vitabu vilikosea. Sababu ya nafuu ile tunaijua leo. Mafuta ya moto huua nyama nzima, na nyama iliyokufa ni chakula cha bakteria. Wale wa kundi la pili walipona vizuri zaidi hasa kwa sababu hawakuunguzwa.

Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1543, mwalimu wa chuo cha Padua aitwaye Andreas Vesalius, mwenye umri wa miaka 28, alitoa kitabu kikubwa chenye michoro ya mwili wa mtu. Yeye alipasua maiti za watu kwa mikono yake mwenyewe, akaonyesha makosa mengi ya Galen. Taya la chini, aliandika, ni mfupa mmoja.

Nchi zetu je?

Kwa muda mrefu watu wa bara letu la Afrika ya Mashariki walirithishana tiba kwa mdomo na kwa vitendo. Baba alimfundisha mwana, mkunga alimfundisha binti. Ndiyo maana hatuna gombo la mafunjo la Iramba. Lakini kukosa maandishi si kukosa ujuzi, na ushahidi mmoja mzuri upo.

Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin, aliyekuwa akisomea udaktari, alikuwa Kahura katika nchi ya Bunyoro, Uganda ya leo. Alimwona mganga wa huko akimpasua tumbo mama aliyeshindwa kujifungua. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi ili asisikie maumivu makali. Mganga alinawa mikono kwa pombe hiyo na kuosha tumbo la mama, kisha kwa maji. Alipokata, msaidizi aligusa sehemu zinazovuja damu kwa chuma cha moto. Mtoto alitolewa. Jeraha lilifungwa kwa misumari saba myembamba ya chuma iliyozungushiwa uzi, likapakwa dawa ya mizizi iliyotafunwa, likafunikwa kwa jani la mgomba na kufungwa kwa nguo ya gome la mti. Misumari ilitolewa kidogo kidogo tangu siku ya tatu, na siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limepona. Mama na mtoto walikuwa wazima. Felkin alichapisha habari hiyo mwaka 1884.

Wakati huo huko Ulaya akina mama wengi waliopasuliwa namna hiyo walikufa. Ustadi wa kujua mahali pa kukata, kiasi cha moto wa kugusia, na siku ya kutoa kila msumari haupatikani kwa siku moja. Waganga wa Bunyoro walikuwa wameujenga kwa muda mrefu, kwa kuangalia na kukumbuka, kama Mmisri wa lile gombo.

Maswali

1. Taja mambo mawili yanayofanya jeraha liwe hatari.

2. Kwa nini jembe la shambani laweza kuleta pepopunda?

3. Eleza kwa maneno yako jinsi asali inavyodhuru bakteria. Katika jaribio lako, kiazi kisicho na asali kilikuwa na kazi gani?

4. Galen alikuwa tabibu hodari. Kwa nini basi alikosea kuhusu taya la mtu?

5. Mganga wa Bunyoro alinawa kwa pombe ya ndizi, na Hippocrates aliosha majeraha kwa divai. Vitu hivyo viwili vinafanana kwa nini?

6. Tuseme Paré angewapaka askari wote mchanganyiko wake, asimwagie mafuta hata mmoja, na wote wakapona. Je, angeweza kujua kwamba mafuta ya moto ni mabaya? Toa sababu.

7. Muulize babu, bibi au mzee mwingine wa kijiji chako jinsi jeraha la jembe lilivyotunzwa alipokuwa mtoto. Andika kila kitu kilichotumika. Darasani, pamoja na mwalimu, jadilini ni kipi kati ya hivyo kingeweza kuua viini, na ni kipi kingeweza kuvileta.